Mama wa Nyabiondo anauliza kama aende Kampala

Wiki iliyopita tuliahidi kuendelea na habari ya kuachisha watoto ziwa. Mtusamehe, hiyo itangoja kidogo. Tumepata barua ambayo haiwezi kungoja.

Imetoka Nyabiondo, imeletwa na motari, imekunjwa ndani ya daftari la mwanafunzi. Aliyeiandika ni mwalimu kama sisi. Ana miaka thelathini na miwili, ana diploma ya ISP upande wa Kiingereza, na watoto watatu: wa miaka saba, wa minne, na wa miezi kumi na moja. Bwana yake yuko upande wa Bisie kwenye machimbo, anatuma kitu akipata, na asipopata anatuma salamu. Mama huyu anafundisha sekondari, lakini jina lake halijaingia kwenye orodha ya walimu wanaolipwa na serikali, kwa hiyo anaishi kwa kile wazazi wanachochanga. Na mwaka ambao maharagwe hayakuzaa, wazazi wanachanga nini?

Sasa kuna mtu amemwambia kwamba Kampala wanatafuta walimu wa Kiingereza. Atalipwa vizuri, shule itasomesha watoto wake bure, na nyumba iko. Mtu huyo anaomba kwanza dola mia moja na hamsini za kufungua dosye. Mama yetu anauliza maswali mawili tu: niende? Na kama naenda, watoto niende nao ao niwaache?

Tunamjibu hapa mbele yenu wote kwa sababu tunajua si yeye peke yake. Na tunamjibu kwa sababu sisi tulikwenda. Mwezi wa kwanza 2018 tuliondoka walimu watatu, wamama watatu, na watoto watano kati yetu, mkubwa miaka sita, mdogo miezi tisa. Tulipanda gari Goma, tukapita Rutshuru, Bunagana, Kisoro, tukalala Mbarara, tukaingia Kampala na mizigo kichwani. Desemba mwaka uleule tulikuwa tumerudi. Wengine walitucheka kidogo, si neno. Tungekuwa tumeandikiwa mambo haya mapema, pengine tungekwenda vizuri zaidi, ao tusingekwenda.

Tuanze na zile dola mia moja na hamsini. Mama, usizitoe. Shule inayotafuta mwalimu haimwombi mwalimu pesa. Inamwomba karatasi zake, inamwita asimame mbele ya ubao, inamsikiliza. Mtu anayekuomba pesa ya dosye kabla hujajua jina la shule, jina la mkuu wake na mtaa iliko, huyo anauza barabara. Kama anasema shule iko, akupe namba ya simu ya shule, upige wewe mwenyewe, useme Kiingereza chako na yule atakayeitika. Kama namba haipatikani siku tatu, umepata jibu na pesa yako ya MUSO bado iko ndani ya sanduku.

Na kama mtu huyo akibadilisha wimbo, akasema si Kampala tena bali nchi za Ghuba, Oman ao Dubai, kufundisha watoto wa tajiri Kiingereza nyumbani, hapo mama uogope mara mbili. Kule mfanyakazi anafungwa kwa mwenye kumwajiri kwa utaratibu unaoitwa kafala, na wanawake wengi wa Afrika Mashariki walioitwa kwa kazi moja walijikuta wanapika na kufua usiku na mchana, pasipoti ikiwa ndani ya kabati la bosi. Mwalimu wa kweli wa shule kule anaombwa digrii iliyogongwa mihuri na serikali yake kabla hajapanda ndege. Mtu akikuambia diploma haina lazima, ujue kazi yenyewe si ya ubao.

Sasa tuje kwa Kiingereza chenyewe. Hapa ndipo tulipokosea zaidi.

Sisi tulifikiri hivi: tumesoma Kiingereza ISP, tumekifundisha miaka, Uganda wanasema Kiingereza, basi Uganda watatutaka. Mtazame tulivyokuwa hatujafikiri. Mtoto wa Uganda anafundishwa masomo yote kwa Kiingereza. Kijijini anaanza kwa lugha ya nyumbani madarasa matatu ya kwanza, halafu darasa la nne kila kitu kinageuka Kiingereza; mjini anaanza nacho chekechea. Mwalimu wao alisoma hesabu kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, alitukanwa na kusifiwa kwa Kiingereza. Halafu unafika wewe kutoka Masisi, umesoma hesabu kwa Kifaransa, Kiingereza umekijifunza kama somo, sauti yako ina Kifaransa ndani yake, unasema unataka kuwafundisha Kiingereza chao. Ni kama mtu atoke Kampala aje Rubaya kutufundisha kufanya mashanza.

Wiki mbili tulizunguka Makindye, Nsambya na Katwe na bahasha zetu. Mtoto mmoja mgongoni, wengine nyumbani na zamu. Wakuu wa shule walitupokea kwa adabu, Waganda wana adabu ya salamu ndefu. Walisoma barua, wakaweka chini. Halafu mmoja, mama mzee mwenye miwani, akatuuliza: "Nyinyi si Wakongomani? Kwa nini hamkuandika kwamba mnafundisha Kifaransa?" Tulitazamana. Kifaransa! Hicho ambacho kwetu kila mtu anacho, hicho tulichokuwa tunakificha ili tuonekane watu wa Kiingereza. Kule sekondari nyingi za binafsi zinafundisha Kifaransa kama somo la kuchagua, na walimu wake ni wachache. Siku ileile mmoja wetu alipata masaa. Baada ya mwezi wote watatu tulikuwa na masaa, na hakuna hata mmoja aliyefundisha Kiingereza.

Leo tungeongeza kitu kingine, kwa sababu mambo yamebadilika tangu tulipokwenda. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, na Kiswahili kimewekwa ndani yake. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima kuanzia shule za msingi. Kukubali kwenye karatasi ni siku moja, kupata walimu ni miaka. Kwa hiyo mama wa Nyabiondo, wewe una mali mbili ambazo hukuzihesabu. Ila tukuambie ukweli kama dada: Kiswahili wanachotahini ni sanifu, cha vitabu vya Tanzania na Kenya. Chetu cha Masisi ni kitamu, lakini ukisema "batoto banaenda ku masomo" mbele ya mkaguzi, utarudi na bahasha yako. Jinoe. Ngeli zile tulizozikimbia shuleni zinangoja palepale.

Mtu ataniuliza, na nchi zingine je? Tutapita haraka. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na hata leo inahitaji walimu. Lakini mtazame iliwapata wapi: Oktoba 2022 walifika walimu 154 kutoka Zimbabwe, kwa mapatano ya serikali na serikali, watu waliosoma maisha yao yote kwa Kiingereza. Kenya hakuna anayeruhusiwa kusimama darasani, hata shule ya binafsi, kabla ya kuandikishwa na TSC, tume yao ya walimu. China, ambayo vijana wengi wanaitaja, kanuni yao inataka mwalimu wa Kiingereza atoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa na awe na digrii. Miaka yetu mitatu ya gradua haitoshi. Na kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, hilo ni jambo jema, lakini halijamwondolea mwalimu deni la karatasi. Kila nchi bado inasoma diploma yako na inauliza kibali.

Basi karatasi. Pale mpakani tuligongewa muhuri wa mtu anayetembea, na sisi tukaona tumepita. Muhuri wa kutembea hauruhusu kazi. Miezi minne hakuna aliyetuuliza, mwezi wa tano shule moja ilisikia wakaguzi wanakuja, na mwenzetu akaambiwa apumzike nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa. Kufanya kazi halali kunataka kibali, na kibali kinataka diploma iliyolinganishwa. Kule kuna baraza la taifa la elimu ya juu, NCHE, linalosoma diploma za nchi zingine na kusema zina thamani gani kwao. Linataka diploma yenyewe pamoja na releve za kila mwaka, zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Sisi tulikuwa na fotokopi ya diploma tu. Releve zetu za mwaka wa pili zilikuwa zimebaki Goma kwenye ofisi, na kuzifuata kulitaka nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo mama, kama unaota kuondoka hata baada ya miaka miwili, anza leo kukusanya releve. Hata usipokwenda popote utazihitaji.

Watoto nao wana karatasi, na hapa wamama wengi tunalala. Sheria yetu ya kulinda mtoto, ile namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto anaandikishwa bure ndani ya siku tisini baada ya kuzaliwa. Siku tisini zikipita, utapelekwa mahakamani, na mahakama si bure. Kati ya watoto wetu watano, wawili tu walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa wale wengine watatu tulionyesha fishi ya kupima watoto, ile ya kliniki yenye uzito na chanjo, na kwa bahati mlinzi wa mpaka alikuwa mama. Usitegemee bahati ile. Beba pia karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na karatasi ya ruhusa ya baba ya watoto iliyogongwa muhuri. Bwana yako yuko Bisie: barua hiyo itachukua muda kutoka Bisie mpaka Nyabiondo, unajua njia ilivyo. Iombe sasa.

Tumesema mengi ya karatasi. Lakini si karatasi zilizoturudisha.

Tulipanga chumba kimoja, kule wanaita muzigo, mlango unaangalia mfereji. Watu wanane. Tulilipa shilingi laki moja na hamsini kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele. Tulijigawa hivi: kila siku mmoja wetu hana masaa, anabaki na watoto watano, anapika, anafua. Wawili wanakwenda kufundisha. Kwenye ubao wa nyuma ya mlango tulikuwa tumechora oreri kama ya shule, Jumatatu jina hili, Jumanne jina lile. Mpango ulikuwa mzuri sana, tunawaambia kweli, na mwezi wa kwanza tulijisifu. Mtoto wa miezi tisa alinyonya asubuhi na jioni, mchana akanywa uji wa soya na mchele. Mama yake alikamua maziwa kwenye choo cha shule wakati wa mapumziko kwa sababu kifua kilimuuma.

Lakini oreri ya shule haikuulizi una watoto wangapi. Muhula wa pili shule moja ilibadilisha siku, na Alhamisi ikawa wote watatu tuna masaa. Tukamwomba jirani. Alikuwa mtu mwema, muuza chapati, tulimlipa. Alhamisi moja alikwenda mara moja kununua unga, akamwacha binti yake wa miaka tisa na watoto wetu. Tuliporudi saa kumi walikuwa wanne.

Aliyekosa alikuwa wa miaka minne. Hatutaelezea masaa yale mawili. Tulikimbia kila upande tukiita jina, mtaa ambao hata neno la kuomba msaada kwa Kiganda hatukuwa nalo. Alipatikana kwenye kituo cha boda boda, mbali kuliko tulivyofikiri miguu ile inaweza kwenda. Alikuwa amekaa juu ya tanki ya pikipiki anakula ndizi. Mwenye pikipiki alikuwa mwanajeshi zamani, na jeshi la Uganda linasema Kiswahili. Yeye peke yake kwenye kituo kile alielewa mtoto aliposema, "Natafuta mama, amekwenda kufundisha."

Usiku ule hakuna aliyelala. Siku iliyofuata mmoja wetu aliacha masaa yake ya Alhamisi. Mshahara ukapungua, chumba hakikupungua. Na tulikuwa hatujajua jambo lingine: mwalimu wa masaa analipwa wakati watoto wa shule wako darasani tu. Uganda wana mihula mitatu, wanaanza mwezi wa pili, wanafunga mwezi wa kumi na mbili, na katikati kuna likizo mbili. Likizo hazina mshahara. Mwenye nyumba hana likizo. Muhula wa tatu ulipokwisha tulihesabu: chumba, chakula, nauli, jirani, dawa ya malaria mara nne, uniforme ya mtoto mkubwa. Tulichobaki nacho kilitosha gari la kurudi na kitenge kimoja kila mtu. Pale Bunagana tulinawa mikono kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji, ulikuwa mwaka wa Ebola, na wale waliotupima walituuliza kwa nini tunatoka kule wakati wengine wanatafuta kwenda.

Je, tulipoteza mwaka? Hapana, hatusemi hivyo. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameanza darasa la kwanza hapa Septemba, kule akaanza tena mwezi wa pili, na aliporudi alikuta wenzake wako katikati ya darasa la pili. Ilibidi arudie. Lakini anasoma Kiingereza leo kuliko prefe. Sisi wenyewe tulikwenda na Kiingereza cha kitabu, tukarudi na Kiingereza cha kununua nyanya na kugombana na konda wa matatu. Tunafundisha tofauti. Wanafunzi wanasema, hawaandiki tu. Kila Jumamosi mchana tunafundisha wafanyabiashara na motari, wanalipa kidogo kidogo, na mwezi fulani pesa ile ilizidi ile ya masaa ya Kampala, tukilala kwetu.

Kwa hiyo swali la kwanza, mama wa Nyabiondo. Kama utakwenda, usiende kwa mdomo wa mtu wa dosye. Nenda mwezi wa kwanza, wiki tatu kabla muhula haujaanza, kwa sababu ndipo shule zinapojaza nafasi. Jiandike mwalimu wa Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kiweke cha tatu. Uliza shule maneno matatu kabla ya mshahara: likizo nalipwa? Watoto wangu wanaingia hapa kwa bei gani? Oreri itabadilika katikati ya mwaka? Shule yenye chekechea ndani ya uzio wake, ambapo mtoto wako wa miaka minne anaingia mlango mmoja na wewe, hiyo kubali hata ikilipa kidogo kuliko nyingine. Wa miaka saba atapata shule ya msingi ya serikali. Kule masomo ya msingi ni bure tangu 1997, ingawa bure hiyo ina uniforme, chakula na daftari.

Na usiende peke yako. Sisi tulikuwa watatu na ilituponyoka. Mmoja na watoto watatu, hatuoni itawezekanaje.

Swali la pili, kuwaacha ao kuwapeleka: hapa sisi watatu hatupatani, na hatutajifanya tunapatana. Wawili kati yetu tunasema: nenda na mtoto wa ziwa tu, waache wakubwa kwa mama yako ao dada yako, wiki tatu za kutafuta kazi, halafu uje uwachukue ukiwa na chumba na shule. Wa miezi kumi na moja bado ananyonya, wahudumu wa afya wanatuambia mpaka miaka miwili, huyo haachwi. Mpango huo una akili, na kama tungeishi Mbarara ao Mwanza tungesema mwisho wa mjadala.

Lakini mwenzetu wa tatu anatuambia: nyinyi mnasahau tunaishi wapi. Anasema wiki tatu za Masisi si wiki tatu za kalenda. Yeye mwaka mmoja aliacha watoto wawili kwa shangazi yao ili aende semina Goma siku nne, risasi zikaanza, barabara ikafungwa, na aliwaona baada ya siku arobaini na moja, wakiwa wamekimbilia upande ambao hakuwatafuta. Tangu siku ile yeye haendi hata sokoni Sake bila kuwabeba. Anasema: afadhali watoto walale njaa kidogo Kampala, lakini walale mahali ninapolala. Hatujapata neno la kumjibu. Tangu Juni 2022 hata ile njia ya Bunagana tuliyopita si ileile tena, kila anayepita anajua, na hatutaandika zaidi.

Kuna wamama watakaosoma hapa ambao hawachagui, wamekwisha kuvuka ao watavuka kwa sababu ya vita. Kwenu tunasema jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kwenye makambi kama Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II, madarasa yamejaa watoto wanaotoka kwetu ambao hawasikii Kiingereza, na shule zinatumia wasaidizi wa mwalimu wanaojua Kiswahili na lugha zetu. Mwalimu anasema, wewe unageuza. Ni kidogo kwa mtu mwenye diploma, tunajua, wengine wanasikia haya kukaa nyuma ya darasa wakati hapa walikuwa mbele. Lakini shule iko karibu na nyumba, watoto wako wako ndani ya uwanja huohuo, na jina lako linaanza kujulikana. Beba diploma hata ukikimbia usiku. Ifunge ndani ya plastiki pamoja na fishi za watoto, ikae karibu na mlango.

Tulimtumia mama wa Nyabiondo maneno haya kabla ya kuyaandika hapa, ili asiyasome pamoja na nyinyi kama mgeni. Motari alirudi na jibu siku ya Jumanne. Pesa ya dosye hajatoa. Barua kwa bwana yake Bisie imeondoka. Kuhusu watoto anasema bado anawaza, na mama yake anasema kama mwenzetu wa tatu. Anatuomba kitu kimoja: kitabu cha sarufi ya Kiswahili sanifu, chochote, hata kilichochanika jalada. Sisi tulichokuwa nacho kilibaki kwenye nyumba tuliyokimbia. Mama mwenye nacho akipeleke kwa katibu wa kikundi chake, aandike juu yake "Nyabiondo, mwalimu", kitafika na kitarudishwa.

Habari ya kuachisha ziwa, wiki ijayo.